Kamera ya Tokyo, simu ya Dubai: kipi ununue safarini na kipi ukiache

"Kaka fundi, shikamoo. Mwezi ujao naenda Tokyo kwa mafunzo ya wiki mbili, na wakati wa kurudi nitashinda Dubai siku moja na nusu nikisubiri ndege. Nimedunduliza fedha za kompyuta mpakato, kamera na lenzi yake, simu mpya, na mwanangu kaniganda nimletee Nintendo. Wenzangu kazini wanasema huko vitu ni nusu bei na kodi unarudishiwa uwanja wa ndege. Ni kweli? Kipi ninunue Japani, kipi Dubai, na kipi niache kabisa? Halafu, nikitupa maboksi, forodha watanisumbua?"

Marahaba, dada yangu. Nusu bei hakuna. Kwa kifaa kipya, halisi, kinachouzwa na duka linalotoa risiti, sijaiona, na nimekaa kwenye benchi la ufundi miaka 18 nikifungua vitu vilivyorudi na wasafiri. Kilichopo ni unafuu. Wakati mwingine ni mzuri tu, wakati mwingine unatamanisha kwenye lebo halafu unakwisha wote kabla hujafika nyumbani. Waliofaidika kweli, kwa ninavyowakumbuka, walikuwa wameshajua kabla ya kupanda ndege wanataka toleo gani. Chapa tu haitoshi.

Maana kifaa cha elektroniki kina uraia wake. Simu yenye jina moja na rangi moja inaweza kuuzwa Tokyo, Dubai na New York ikiwa na tumbo tofauti: nafasi ya laini, masafa ya mtandao, waranti. Vingine hutofautiana lugha, kibodi, hata volti. Kwenye boksi utakuta namba ya modeli, na tofauti ya tarakimu au herufi moja mwishoni mwake ndiyo inayokuambia simu hiyo ni raia wa wapi. Kwa hiyo ukishika kitu dukani, kabla hujauliza bei, uliza kilitengenezewa soko la nchi gani.

Tuanze na Nintendo ya mtoto, kwa sababu inaeleza mambo yote kwa mkupuo mmoja. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ya Marekani ilinunua yeni 105 hivi. Katikati ya 2024 ikavuka 160. Mwenye dola mkononi akaiona Japani nzima iko kwenye mnada, na wageni wakawa wanafika na sanduku moja na kuondoka na matatu. Lakini wenye viwanda hawakulala. Apple walipandisha bei za iPhone Japani Julai 2022. Nintendo walikuja na ujanja mwingine: Switch 2, mashine yao ya michezo ya video, ilipotoka Juni 2025, Japani iliwekewa matoleo mawili. Moja la yeni 49,980, ambalo linaongea Kijapani tu na linakubali akaunti za Japani tu. Jingine la lugha zote, yeni 69,980. Sony wakafuata Novemba 2025 na PS5, mashine yao ya michezo, ya Kijapani kitupu. Yaani bei nafuu imefungiwa ndani ya lugha, mgeni asiweze kuibeba.

Basi ile rahisi utakayoionea huruma rafuni, mwanao hataweza kuitumia kwa lugha anayoijua, na hakuna mpangilio wa kuibadilisha baadaye. Ile ya lugha zote linganisha na bei ya kwenu kwa kiwango cha siku hiyo. Mara nyingi tofauti inayobaki haitoshi kukufanya ubebe mashine ambayo ikiharibika utahangaika nayo. Ushauri wangu: Nintendo mnunulie huko huko nyumbani.

Sasa kodi. Watu wakiona duka la uwanja wa ndege limeandikwa halitozi ushuru, wanadhani kila kitu ndani yake ni cha bure nusu. Ni kweli kwa pombe, sigara na manukato, kwa sababu hivyo hutozwa ushuru mkubwa. Kompyuta na simu ni habari nyingine. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani huko Singapore, nchi kadhaa zilikubaliana kufuta ushuru wa forodha kwenye bidhaa za teknolojia ya habari, na orodha hiyo ikapanuliwa Desemba 2015 kwenye mkutano wa Nairobi. Nchi nyingi zinazofanya biashara kubwa ya vitu hivyo zimo ndani ya makubaliano hayo. Kwa hiyo ushuru wenyewe, huko unakopita, ulishaondoka kitambo, na duka la uwanja wa ndege linakuondolea kodi ya mauzo peke yake, halafu linakuongezea kodi ya pango lake. Mara kadhaa nimekuta bei ya uwanjani iko juu kuliko ya duka la mjini lenye kodi ndani. Usiache ununuzi wa Dubai hadi uwe umeshapita ukaguzi.

Na hiyo kodi ya kurudishiwa, ihesabu vizuri, maana asilimia yake inadanganya macho. Kodi imejumuishwa ndani ya bei ya lebo. Kitu cha euro 1,200 kwenye nchi yenye kodi ya asilimia 20 kina kodi ya euro 200, ambayo ni kama asilimia 16.7 ya ulichotoa mfukoni. Japani kodi ni asilimia 10: lebo ya yeni 110,000 ina kodi ya 10,000, yaani asilimia 9. Dubai ni asilimia 5 tu, iliyoanza Januari 2018: kitu cha dirhamu 2,100 kina kodi ya dirhamu 100, na hata hiyo hupewi yote, kwa sababu anayeendesha marejesho hukata chake. Uingereza walifuta kabisa kumrudishia mtalii kodi tangu 1 Januari 2021, na bado nakutana na watu wanaopanga manunuzi ya London kwa hesabu ya zamani. Marekani bei ya lebo haina kodi ndani: inaongezwa ukifika kwenye malipo, asilimia 8.875 pale jijini New York, sifuri ukiwa Oregon au Delaware.

Utaratibu wa Japani unabadilika, kwa hiyo angalia tarehe yako. Hadi mwisho wa Oktoba 2026, duka lenye alama ya kutotoza kodi linakukata kodi hapo hapo ukionyesha pasipoti yenyewe, nakala haikubaliki, mradi manunuzi ya siku hiyo kwenye duka hilo yafike yeni 5,000 bila kodi. Kuanzia 1 Novemba 2026 utalipa bei kamili kwanza, forodha ya uwanja wa ndege ithibitishe kuwa unatoka na mzigo ndani ya siku 90, ndipo urudishiwe. Dubai wao wanataka ununuzi wa angalau dirhamu 250 kwenye duka lililojiunga na mpango huo, wakusajili kwa pasipoti wakati wa kulipa, nawe uthibitishe uwanjani kabla ya kuondoka.

Neno "uthibitishe" ndilo lililonigharimu mimi. Nilikuwa uwanja mmoja wa Ulaya, nimebeba fomu zangu zimejazwa vizuri kama mtihani. Nikakabidhi sanduku kwenye kaunta ya ndege, nikapata kadi ya kupandia, nikaenda kupanga foleni ya forodha kwa raha zangu. Foleni ilikuwa na watu wanane, ikachukua dakika 40. Afisa akachukua fomu, akasoma, akainua macho: "Lenzi iko wapi?" Lenzi ilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilishapita kwenye mkanda wa mizigo, linaelekea tumboni mwa ndege. Alinirudishia karatasi bila muhuri, kwa upole kabisa. Tangu siku hiyo vitu vyenye fomu ya kodi navibeba mkononi mpaka muhuri ugongwe, na uwanjani nafika saa moja kabla ya muda ambao ningefika.

Kompyuta mpakato uniruhusu nikukatishe tamaa. Tatizo la Japani ni kibodi. Kitufe cha Enter kimesimama kama herufi L iliyopinduliwa, kitufe cha nafasi kimefupishwa ili kupisha vitufe vya kubadili mwandiko, na alama ya @ imehamia kulia mwa P badala ya kukaa juu ya 2. Kwenye Windows ya huko, palipotakiwa mkwaju wa nyuma (\) utaona alama ya yeni. Unaweza kuzoea, nakiri. Nimemwona mhasibu mmoja aliyezoea kwa miezi mitatu, kisha kila akikaa kwenye kompyuta ya ofisi anaandika ovyo. Na siku ukitaka kuiuza, mnunuzi atatazama kibodi kwanza. Ufaransa utakutana na kibodi ambayo A imekaa mahali pa Q, na namba hazitoki mpaka ubonyeze Shift. Ujerumani Z na Y zimebadilishana viti. Dubai kibodi huwa na herufi za Kiarabu pembeni ya zile za kawaida, na hiyo haisumbui mtu. Kama ni lazima ununue mpakato safarini, nunua Dubai, lakini kwanza uwe na bei ya kwenu mkononi, kwa sababu asilimia 5 hupotea haraka.

Kamera na lenzi ndipo Japani inapokulipa, na hapa nitakaa kidogo. Mwili wa kamera unahitaji tahadhari moja kubwa: menyu. Kamera nyingi za Sony zinazouzwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, hakuna lugha nyingine ndani. Sony hutengeneza pia toleo la kuuzia wageni lenye lugha nyingi, na bei yake si ile uliyoiona kwenye tangazo. Chapa nyingine hutofautiana modeli kwa modeli. Usimwulize muuzaji tu. Mwombe awashe kamera ya maonyesho, ingia kwenye mipangilio, tafuta orodha ya lugha uione kwa macho yako, kisha hakikisha namba ya modeli ya boksi utakalopewa inafanana na ya hiyo uliyoishika.

Lenzi haina lugha, haina volti, haina laini. Lenzi ni kioo na mota. Ndiyo maana kwangu mimi ndicho kitu bora cha kununua nje, na Japani inaongoza kwa lenzi zilizotumika. Wajapani wanatunza vitu, na maduka yao ya mitumba ya kamera yana desturi ya kuvipa vitu madaraja na kuandika kasoro hata ndogo: mkwaruzo wa pete, vumbi ndani, mfuniko wa nyuma haupo. Daraja la pili kwa viwango vyao, sehemu nyingine lingeuzwa kama jipya. Na duka la mitumba likiwa limesajiliwa, kodi inaondolewa vilevile.

Lakini Japani ni nchi yenye joto la unyevu wakati wa kiangazi, na unyevu huzaa ukungu ndani ya lenzi. Beba tochi ndogo, hata ya simu. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, mulika kutoka nyuma kwa mshazari, chungulia mbele huku ukiizungusha taratibu. Vumbi linaonekana kama nukta. Hilo lisikutishe, picha haliigusi. Ukungu unaonekana kama utando wa buibui, nyuzi zilizotawanyika kutoka pembeni kwenda katikati. Ukiuona, rudisha lenzi rafuni hata kama bei ni ya kutupa. Kuusafisha ni kazi ya kuifungua lenzi yote, na mara nyingi umeshakula utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Mimi nazifungua hizo, na mteja huwa hafurahi na bili.

Kuhusu duka lenyewe: kamera inunuliwe kwenye duka kubwa lenye bei za lebo zisizobadilika. Barabara za watalii, popote duniani, zina maduka madogo yenye madirisha yanayong'aa na bei zisizoeleweka. Niliingia kwenye moja, mji mmoja wa bandari huko Asia, kijana bado. Bei ilikuwa tamu. Kadi ikapitishwa kwanza, ndipo muuzaji akaanza kuhuzunika: bei ile haina betri, haina chaja, halafu lenzi hii kusema kweli si nzuri, tazama picha yake ilivyofifia, ongeza kidogo nikupe ya juu. Nilitoka na kamera nisiyoitaka, kwa bei kubwa kuliko ya kwetu. Mchezo huo unajulikana kiasi kwamba Hong Kong waliutungia sheria iliyoanza Julai 2013, na muuzaji anaweza kushtakiwa. Kinga yake ni kufungua boksi juu ya kaunta, kuhesabu kilichomo kwa kulinganisha na orodha ya mtengenezaji uliyoihifadhi kwenye simu, halafu ndipo kadi itoke mfukoni.

Simu. Hapa dada, kuna jambo la 2025 ambalo wenzako kazini huenda hawajalipata. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone za Marekani hazina kabisa tundu la kuchomeka laini. Zinatumia eSIM, laini ya kidijitali isiyo na kadi. Ilipokuja iPhone 17, nchi nyingine zikaingizwa kwenye mtindo huo, na kati ya hizo zimo Japani na Falme za Kiarabu. Safari yako yote inapita humo. Ukinunua iPhone 17 Tokyo au Dubai, toleo la nchi hiyo, halina pa kuweka kadi yako. Kabla hujaondoka, piga simu kwa mtandao wako uulize kama wanatoa eSIM na kama wanaweza kuihamisha laini yako ya sasa na namba yake. Wakisita, simu hiyo iache. Dubai unaweza kuuziwa pia matoleo yaliyoletwa kutoka kwingine, na muuzaji atakuambia hii ni ya nchi fulani kana kwamba anataja ukubwa wa kiatu. Sikiliza vizuri, maana bei inafuata hapo.

Yapo mengine madogo yanayokera. Simu za Japani na Korea Kusini hupiga kelele ya shata, ule mlio wa kamera, kila unapopiga picha, hata ukiwa umezima sauti, jambo ambalo utalijutia msibani. Apple wenyewe wanatahadharisha kuwa FaceTime huenda isipatikane kwenye simu iliyonunuliwa Falme za Kiarabu. Simu za China bara zinazotumia Android huja bila huduma za Google. Baadhi ya Samsung huwa na kibandiko kwenye boksi kinachosema simu lazima ianze kutumika na laini ya eneo ilikouzwa, na hiyo inamaanisha kupiga simu za jumla ya dakika tano ukiwa na laini ya huko kabla haijafunguka kwa laini ya kwenu. Fanya hivyo ukiwa bado huko. Ukishafika nyumbani utaanza kumtafuta mtu mwenye laini ya Dubai.

Ya mtumba ukiipenda, Japani tena kuna jambo la kujua: maduka huandika duara, pembetatu au X karibu na bei. Duara maana yake kampuni ya mtandao haiidai kitu. Pembetatu maana yake mwenye nayo wa kwanza huenda bado anailipia kidogo kidogo, na asipomaliza inaweza kufungiwa. X imeshafungiwa. Nunua ya duara. Iwashwe mbele yako mpaka ukurasa wa kukaribisha, na kama inadai akaunti ya mtu usiyemjua, irudishe. Kompyuta za mitumba nazo, hasa zilizotoka maofisini, huwa zinaonekana safi kabisa mpaka uziunganishe na intaneti, ndipo kampuni ya zamani inapojitokeza kwenye skrini na kuichukua. Mbili za namna hiyo ziko hapa nyuma yangu, zimekuwa meza ya kuwekea bisibisi.

Na ulizia kama nchi unayoishi inasajili namba za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu. Uturuki, kwa mfano, simu ya kigeni isiyosajiliwa na kulipiwa huzimwa kwenye mitandao baada ya siku 120. Namba hiyo unaipata kwa kubonyeza *#06#, nawe ilinganishe na ya kwenye boksi hapo hapo dukani.

Umeme hukuuliza, lakini ukifika Tokyo utapita mbele ya spika na amplifaya utatamani. Geuza kitu, soma kibandiko. Kikiandikwa 100-240V, kinafaa popote, unahitaji adapta ya plagi tu. Chaja za simu, mpakato na kamera karibu zote ziko hivyo. Kikiandikwa 100V peke yake, ni raia wa Japani asiye na viza. Mteja aliniletea amplifaya nzuri ya namna hiyo, kaichomeka kwenye 230V kwa adapta ya pini. Adapta hubadili umbo la pini, haigusi volti. Ukizidisha volti mara 2.3, joto kwenye waya huongezeka zaidi ya mara tano, kwa hiyo ilidumu sekunde chache. Alipofungua mfuko karakana yote ilinuka. Transfoma ya kupunguza umeme ipo, ila kwa vitu vikubwa inakuwa nzito kama tofali na inanguruma.

Waranti nitaipita haraka: soma ya kampuni, usisome ya muuzaji. Apple hujiwekea haki ya kuhudumia iPhone kwenye nchi ilikouzwa tu, wakati kompyuta zao hazina masharti makali hivyo. Kamera nyingi za Japani huja na kadi ya waranti ya Kijapani inayofanya kazi Japani. Kwa kitu kisicho na waranti ya kwenu, mimi huchukua bei yake nikaiongezea kumi kwa mia kichwani, kama bima. Ikibaki nafuu, nanunua.

Wakati wa kulipa, mashine ya kadi inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa fedha ya kwenu au ya hapo. Chagua ya hapo, yeni au dirhamu. Ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilishia kinapangwa na upande wao, nawe ndiye unayelipia ukarimu huo. Ulizia pia benki yako inakata kiasi gani kwa malipo ya nje. Wengi hukata hadi asilimia 3, na hapo Dubai imeshakula zaidi ya nusu ya kodi utakayorudishiwa.

Betri za akiba na pawabenki hubebwa mkononi, kamwe hazipakiwi kwenye mizigo. Kikomo cha kawaida ni saa-wati 100, na hesabu yake ni mAh, ile namba ya ujazo iliyoandikwa kwenye pawabenki, mara 3.7 gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni 74, inaruhusiwa. Tangu Julai 2025 Japani wanataka pawabenki zisiwekwe kwenye kabati la juu ndani ya ndege. Kaa nayo karibu.

Sasa maboksi. Usiyatupe. Boksi lina namba ya modeli, IMEI na kibandiko cha toleo, na siku ukiuza litakuongezea bei. Kulitupa ili kumdanganya afisa wa forodha hakusaidii, kwa sababu anachotoza ni kifaa chenyewe, na simu mpya inajulikana hata ikiwa uchi. Kila nchi ina kiwango ambacho msafiri anarudi nacho bila kulipa: Umoja wa Ulaya ni euro 430 kwa anayefika kwa ndege, Uingereza pauni 390, Marekani kwa kawaida dola 800 kwa mkazi wake. Tafuta cha kwenu kwenye tovuti ya mamlaka ya forodha kabla hujaondoka, kisha ingiza kodi ya nyumbani kwenye hesabu yako ya unafuu. Wengi huisahau, na ndiyo inayogeuza kamera ya bei poa kuwa kamera ya bei ileile. Ukizidi, tamka mwenyewe na utoe risiti. Ukikutwa umeficha, unaweza kulipa kodi na faini, na kifaa kikabaki nao. Simu mbili zinazofanana nazo zitakuletea maswali ya biashara, hata kama ya pili ni ya mama.

Mpakato wako wa zamani unaokwenda nao kwenye mafunzo, piga picha ya namba yake na uhifadhi risiti, au uandikishe forodha unapotoka kama wana fomu hiyo. Marekani wanayo, inaitwa 4457. Afisa wa zamu ya usiku hajui kwamba uliununua miaka mitatu iliyopita. Na maboksi yakikujazia nafasi, fungua gundi kwa kisu, yalaze bapa chini ya nguo, na risiti ziweke kwenye begi la mkononi pamoja na lenzi.